Juisi ya majani machanga ya ngano: kuotesha, kukamua na kujua inasaidia nini

Kazi inaanzia kwenye mbegu. Tumia ngano nzima ya kula, isiyokobolewa. Mbegu za kupandia zilizotiwa rangi, mara nyingi ya waridi, zimepakwa dawa ya kuua kuvu. Hizo usizile hata ukiziosha mara kumi.

Osha vikombe viwili vya mbegu, ziloweke saa 8 hadi 12, kisha ziache kwenye chujio lililofunikwa kwa siku nzima, ukizisuuza asubuhi na jioni mpaka vimizizi vyeupe vichungulie. Zitandaze juu ya udongo wenye unyevu, kina cha sentimita 3, kwenye trei ya sentimita 25 kwa 50 yenye matundu chini. Zikaribiane lakini zisirundikane, maana za chini zitaoza. Zifunike siku 2 au 3, kisha uziweke penye mwanga na hewa, mbali na jua kali la mchana. Maji mara moja au mbili kwa siku yanatosha.

Wengi hutupa trei nzima wakiona utando mweupe kumbe ni vinyweleo vya mizizi. Nyunyizia maji: vinyweleo hunywea na kulala. Ukungu hubaki ulivyo, hugeuka kijivu au samawati na kunuka uvundo. Huo ndio wa kutupa, mbegu na udongo pamoja.

Siku ya 7 hadi ya 10, majani yakifika sentimita 15, kata juu kidogo ya mbegu. Osha gramu 30, katakata kwa mkasi, saga kwenye blenda na mililita 100 za maji baridi kwa nusu dakika, kamua kwa kitambaa safi. Usipoyakatakata, nyuzi zitajizungusha kwenye visu vya blenda. Kunywa papo hapo.

Sasa, faida. Majani haya yana vitamini K, vitamini C, beta-karotini na klorofili (rangi ya kijani ya mimea), kama mboga nyingine za kijani. Glasi ndogo haichukui nafasi ya sahani ya mboga. Ile sifa ya kuiita juisi hii "damu ya kijani" imetiwa chumvi: klorofili ina magnesiamu katikati, si chuma kama damu, na mwili hauigeuzi kuwa damu. Jaribio dogo la Israeli lililochapishwa mwaka 2002 liliwapa wagonjwa wenye vidonda vya utumbo mpana mililita 100 kwa siku kwa mwezi mmoja, na kutokwa damu chooni kukapungua. Linatia moyo, lakini ni dogo mno kukufanya uache dawa. Kwamba inaponya saratani, hakuna uthibitisho.

Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza, kwa sababu vitamini K hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Mwenye siliaki, ugonjwa wa kudhuriwa na gluteni (protini ya ngano), ajiepushe, kwani punje yenye gluteni ikisagwa na majani hutajua. Mjamzito na mwenye kinga dhaifu pia waiache: inanywewa mbichi, na joto na unyevu wa kuoteshea ndivyo bakteria wapendavyo. Wengine waanze na vijiko viwili vya chakula. Kichefuchefu kikija, punguza au kunywa baada ya kula.