Polisi akimpiga raia risasi Kenya: namna ya kulinda ushahidi na kudai haki

Kesi ya risasi ya polisi hujengwa au hubomoka katika siku tatu za mwanzo, mara nyingi kabla familia haijapata wakili. Majeruhi akimbizwe hospitali kwanza. Atakayebaki pale alinde alama zilizoachwa, bila kujihatarisha.

Ganda la risasi lisiokotwe. Lipige picha lilipoangukia, sarafu ya shilingi kumi ikiwa kando yake, kisha piga nyingine ya mbali inayoonyesha mlango au nguzo ya stima iliyo karibu. Ukiliokota, wakili wa askari atauliza limepitia mikononi mwa nani, na hapo ushahidi unaanza kuyumba. Polisi wakija kuyakusanya maganda, rekodi ukiwa mbali na uandike namba ya gari lao. Nguo zenye damu zikauke kivulini bila kufuliwa, kisha zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Katika plastiki huota ukungu na damu huoza. Video ibaki katika simu iliyoirekodi, kwa sababu WhatsApp huibana na kupoteza taarifa zake za ndani. Wenye maduka yenye kamera waombwe nakala siku hiyohiyo, maana mitambo mingi hufuta picha za zamani ili kupata nafasi.

Nenda kituoni na mtu wa pili, uandikishe taarifa na udai namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo. Ni bure. Fomu ya P3 ya majeruhi, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha, pia huanzia hapo. Taarifa yako isomwe kwa lugha unayoielewa kabla hujatia sahihi. Ikiwa imemwita marehemu jambazi nawe hukusema hivyo, usisaini.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, Jedwali la Sita, inamtaka mkuu wa kituo alinde eneo la tukio na kuiarifu mara moja Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi (IPOA). Usimngoje. Peleka malalamiko IPOA mwenyewe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ombi la kwanza liwe rejista ya silaha ya kituo. Humo huandikwa askari gani alichukua bunduki ya namba gani, na risasi ngapi alitoka nazo na kurudi nazo. Bila rejista hiyo, mtaalamu wa risasi anaweza kuitambua bunduki, lakini aliyeishika atabaki kubishaniwa.

Mochari ndiko familia nyingi hupoteza kesi, kwa uchovu na huzuni. Msizike kabla ya uchunguzi wa maiti. Familia ya Kiislamu inayotaka kuzika upesi iseme mapema na kuomba daktari siku hiyohiyo. Kufukua kaburi baadaye kunahitaji amri ya mahakama, na mwili utakuwa umeharibika. Mna haki ya kuwa na daktari wenu kando ya yule wa serikali, na shirika la haki za binadamu la IMLU limesaidia familia nyingi kwa hili. Ombeni eksirei kabla ya upasuaji ili vipande vya risasi vionekane vilipo. Ripoti itaje tundu la kuingilia, la kutokea, mwelekeo, na kama ngozi ina masizi au madoa ya baruti, kwani hayo huonyesha risasi ilitoka karibu. Ni vigumu kudai kwamba mtu aliyepigwa mgongoni kwa karibu alikuwa akirushiana risasi na polisi. Risasi iliyotolewa mwilini ifungwe, iandikwe lebo, na anayeipokea atie sahihi.

IPOA haishtaki, hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mvulana wa miaka 13 alipouawa kwa risasi akiwa roshani ya kwao Kiamaiko, Machi 2020, askari alishtakiwa kwa mauaji Juni mwaka huohuo. Kesi nyingine huenda kwa hakimu kama uchunguzi wa kifo. Msiukatae: pelekeni wakili awahoji mashahidi. Shahidi anayetishwa aombe hifadhi kwa Shirika la Kulinda Mashahidi kabla jina lake halijaingia kwenye orodha ya mashahidi.

Kesi ya kawaida ya fidia dhidi ya serikali hufungwa mlango baada ya miezi 12, hata kama ya jinai bado inasuasua. Msingoje hukumu ndipo muifungue.