Namna ya Kuzuia Injini ya Gari la Kale la V8 Isichemshe

Mwenye gari la misuli la Kimarekani, yaani lenye injini kubwa ya V8 (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V), la miaka ya 1960 au mwanzoni mwa miaka ya 1970, liwe Pontiac GTO, Chevrolet Chevelle au Dodge Charger, akiona mshale wa joto unapanda, mara nyingi hukimbilia kununua rejeta kubwa zaidi. Ninamsihi asubiri kwanza. Ikiwa injini haijaongezewa nguvu kupita ile iliyotoka nayo kiwandani, rejeta ya aina ya awali hutosha kuipoza, kwa hiyo gari likichemsha leo kuna kitu kilichochakaa, kilichoziba au kilichoondolewa, na kazi ya kwanza ni kukitambua.

Hakikisha kwanza kwamba joto lenyewe ni la kweli, kwa kuwa geji iliyozeeka hudanganya. Pima karibu na tamostati (valvu inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto) kwa kipimajoto cha infraredi, kisha ulinganishe na geji. Kama tamostati ni ya nyuzijoto 82 za Selsiasi na injini inafanya kazi kati ya 82 na 95, gari halina ugonjwa.

Baada ya hapo jiulize linachemsha wakati gani. Likichemsha kwenye foleni na kupoa linapotembea, tatizo kwa kawaida ni hewa. Likichemsha kwa mwendo wa kasi, hewa ipo ya kutosha, na lawama huelekea kwenye maji: rejeta iliyoziba, mkanda unaoteleza, pampu ya maji ambayo mapanga yake yameliwa na kutu, au mpira wa chini wa rejeta unaonywea kwa mvuto wa pampu kwa sababu springi yake ya ndani imeoza.

Upande wa hewa, kagua kava linaloizunguka feni, kwani mafundi wengi hulifungua na wasilirudishe. Bila kava hilo feni huzungusha hewa ileile ya jirani badala ya kuivuta kupitia uso wote wa rejeta, na mapanga yake yanapaswa kuingia ndani ya kava karibu nusu ya upana wao. Klachi ya feni nayo, yaani kiungo kinachoishika feni injini ikiwa moto na kuilegeza ikiwa baridi, ikiwa injini ya moto imezimwa na feni bado inazunguka kwa ulaini mizunguko kadhaa ukiisukuma kwa mkono, ibadilishwe.

Upande wa maji, tumia kulanti, yaani nusu glikoli (kimiminika kinachozuia maji yasigande wala kuchemka upesi) na nusu maji yaliyokenekwa. Mchanganyiko huo huchemka kwenye nyuzijoto 106 hivi, lakini chini ya mfuniko wa rejeta wa shinikizo la psi 15 (paundi 15 kwa kila inchi ya mraba) huvumilia hadi karibu 129, jambo linaloonyesha hasara ya mfuniko ambao mpira wake umekauka. Usifunge mfuniko wenye shinikizo kubwa kuliko lile ambalo rejeta ya kale ilitengenezewa, na usiufungue kamwe injini ikiwa moto. Unaposafisha mfumo, fungua pia plagi za kumwagia maji zilizo ubavuni mwa bloku, maana kutu na matope hutuama chini kuzunguka silinda za nyuma.

Ushauri wa kung'oa tamostati siukubali. Injini isiyofikia joto lake huchakaa upesi na oili yake hubaki na unyevu, ilhali rejeta iliyoziba inabaki imeziba.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni taimingi, yaani wakati ambao cheche huwasha mafuta. Cheche ikichelewa, mafuta huwa bado yanaungua valvu ya eksozi inapofunguka, na joto hilo huingia kwenye silinda hedi na kutoka humo kwenda kwenye maji. Magari mengi ya enzi ya sheria za kwanza za moshi yalinyimwa kwa makusudi vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) ya distributa, kifaa kinachogawa cheche, ambayo huwahisha cheche, injini ikinguruma gari likiwa limesimama, na baadhi yalifungwa swichi ya joto iliyoirudisha vakyumu hiyo mara injini ilipozidi kupata moto, ili cheche iwahi na injini ipoe. Kwa hiyo hakikisha taimingi kwa taa yake, jaribu kuunganisha distributa na vakyumu ya manifoldi (bomba linaloingiza hewa na mafuta kwenye silinda), kisha urekebishe upya mzunguko wa injini. Ziba pia hewa ya wizi chini ya kabureta, kwa sababu mchanganyiko wenye mafuta haba huongeza joto.

Ikiwa kulanti inapungua bila kuvuja popote, washa injini ikiwa baridi na mfuniko ukiwa wazi; mapovu yasiyokoma ni dalili ya gasketi ya silinda hedi iliyoungua, na hapo hakuna njia ila kufungua hedi. Na kila unapojaza maji upya, inua pua ya gari, acha injini ingurume mfuniko ukiwa wazi mpaka tamostati ifunguke na kiwango kishuke, kisha ongeza kulanti taratibu hadi hewa yote iliyonaswa itoke.