Kidimbwi cha uani: chimba kabla ya masika

Ukiwa na uwanja wa mita mbili kwa tatu hapa Mombasa, iwe Kisauni, Likoni au Changamwe, unaweza kuwapa vyura, kereng'ende na ndege maji waliyonyimwa na ujenzi. Haller Park ya Bamburi ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji. Miti ilianza kupandwa humo 1971, na leo ni makao ya viumbe wengi. Chimba Machi, masika yakujazie.

Kazi kubwa ni sakafu, maana ardhi yetu ya matumbawe haishiki maji. Katikati ishuke sentimita 60. Ondoa mawe, kisha pitisha kiganja polepole kila mahali. Ncha utakayoiacha ndiyo itakayotoboa. Tandaza mchanga, juu yake magunia au mikeka mikuukuu, ndipo uweke karatasi nzito ya mabwawa. Ukitumia saruji, jaza maji na kuyamwaga mara kadhaa kabla ya kutia mmea, kwani saruji mbichi hutia maji ukali wa chokaa hata viumbe wafe.

Upande mmoja uwe na mteremko mpole. Hapo chozi na mnana wataoga, na mjusi aliyetumbukia atapata pa kutokea. Kwenye watoto wadogo, ua ni lazima.

Wengi huogopa mbu, na wana haki. Dengi tunaijua Mombasa. Lakini mbu wa dengi hupenda hasa mapipa, matairi na visahani vya maua, kwa hiyo funika mapipa yako kwanza. Kidimbwini, watoto wa kereng'ende huwala viluwiluwi vya mbu. Hatari iko majuma ya mwanzo, kabla walaji hao hawajafika: mbu hukua kwa siku 7 hadi 10 tu, basi kila baada ya siku mbili pitisha chujio la chai juu ya maji. Utashauriwa utie perege. Mimi nakusihi usitie, kwani watakula mayai ya vyura na hao hao watoto wa kereng'ende.

Panda yungiyungi mpaka majani yafunike nusu ya maji, na ndago pembeni. Gugumaji usilete, hata ua lake likikupendeza.

Kaskazi ikivuma maji hupungua upesi. Ongeza ya mvua; ya bomba yaache kwanza kwenye ndoo wazi kutwa na usiku, klorini itoke. Ya kisima cha chumvi usitie kabisa: maji hukauka, chumvi hubaki ikizidi, na vyura hawaihimili.