Kuzuru kaburi la wazee siku ya Qingming: kipi kitangulie

Qingming, sikukuu ya Wachina ya kusafisha makaburi ya wazee wao waliotangulia, huangukia Aprili 4 au 5, mara chache tarehe 6. China imeifanya sikukuu ya mapumziko tangu 2008, ila si lazima uende siku yenyewe. Wenye asili ya Fujian, jimbo la kusini-mashariki mwa China, walioko Malaysia na Singapore huhesabu siku 10 kabla na 10 baada, nao huwahi alfajiri. Jua likishapanda, makaburini hakukaliki kwa moshi.

Beba panga, ufagio, maji, kitambaa, brashi ndogo na rangi, udi wa vijiti, mishumaa miwili myekundu, vikombe vidogo, chai, pombe, chakula kilichopikwa, matunda na pesa bandia za karatasi za kuwachomea marehemu. Na kiberiti, maana ndicho husahaulika.

Anza kwa kufyeka. Miche iliyoota kwenye nyufa ing'oe na mizizi yake, kwani mizizi ndiyo hupasua saruji. Jiwe lioshe kwa kitambaa, si kwa brashi ya waya, herufi zisije zikalika. Likikauka ndipo uzipake rangi upya. Kisha tandaza karatasi za kaburi, zile za kuwekwa tu, si za kuchoma, juu ya tuta, kila moja ikandamizwe kwa kokoto: mpita njia ajue marehemu ana kizazi.

Sasa usikimbilie kwa wazee. Pembeni mwa kaburi huwa na kijiwe cha Houtu, mungu wa ardhi ile. Udi wa kwanza ni wake, na chakula chake kidogo. Kumruka ni kuingia nyumba ya watu bila hodi.

Ndipo uwaandalie wazee: vikombe vitatu vya chai, vitatu vya pombe, chakula mbele ya jiwe. Mkubwa wa ukoo hutangulia, kila mtu na vijiti vitatu. Mwali wa udi uzime kwa kupunga mkono, usiupulize kwa mdomo.

Hapa wengi huharibu: udi haujafika nusu, wameshawasha pesa za karatasi. Hiyo ni kumfukuza mgeni akiwa na tonge mkononi. Uliza kwanza kama wazee wameshiba, kwa jiaobei, vipande viwili vya mti vyenye umbo la mwezi mchanga, upande mmoja bapa, mwingine wa mviringo. Virushe chini. Kimoja kikionyesha ubapa na kingine mviringo, wamekubali. Vyote bapa, wanacheka. Uliza tena kwa maneno yaliyo wazi. Vyote mviringo, bado, subiri. Familia nyingine hutumia sarafu mbili.

Karatasi zitenganishe kabla ya kuzichoma kwenye debe la chuma; bunda zima huungua nje tu, katikati likabaki bichi. Usizichokoe kwa kijiti, kwani huaminika pesa iliyochanika huwafikia ikiwa imechanika. Mwaga pombe kuzunguka jivu, kisha maji hadi lipoe kabisa. Moto wa vilimani msimu huu huanzia hapo. Miji mingi ya China imepiga marufuku kuchoma. Huko peleka maua.

Chakula huliwa na waliokuja. Kwa baadhi ya familia za Taiwan, mayai ya kuchemsha humenywa palepale na maganda huachwa juu ya kaburi.