Taa Ikiacha Mkia: Namna ya Kuishi na Macho Yaliyobadilika Baada ya LSD

Kama uliwahi kutumia LSD, dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone yasiyokuwepo, au uyoga wa kulewesha, ukaacha, na hadi leo macho yako yanaona yasiyokuwepo, nakuandikia wewe. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Nililamba kikaratasi chenye LSD mara mbili tu nilipokuwa Dar es Salaam, kisha nikarudi nyumbani kwa treni. Wiki chache baadaye, usiku wa kwanza ziwani, kila taa ya mitumbwi ilikuwa na pete ya rangi. Mtumbwi ukisogea, taa inaacha mkia, kama kijinga cha moto mtoto anapokizungusha gizani. Nikavuta wavu hadi alfajiri bila kumwambia mtu.

Anza kwa kukipa jina kile unachokiona, maana daktari atakuuliza. Mimi nina chenga, vidoti vinavyochemka kila mahali kama televisheni iliyokosa mawimbi. Nina mikia na pete. Nina picha zinazobaki: natazama dirisha, nageukia ukuta, na dirisha lipo ukutani. Wengine huona vitu vimekuwa vikubwa au vidogo kuliko vilivyo, au kitu kilichotulia kinatembea pembeni mwa jicho. Kipimo kikubwa ni kwamba mwenyewe unajua si kweli. Mkia wa taa nauona, ila sijawahi kudhani ziwa linaungua. Siku utakapoanza kuamini unayoyaona, au sauti zinakuamuru, au unatamani kufa, mwamshe mtu wa nyumbani akupeleke hospitali usiku huohuo.

Tafuta daftari. Langu ni la kurasa arobaini, nalificha juu ya kabati. Kila siku niliandika nimelala saa ngapi, nimetumia nini, na chenga zilikuwa kali kiasi gani. Baada ya mwezi daftari likanionyesha ambayo kichwa changu kilikuwa hakijayaona: hali huwa mbaya nikikesha usiku wa tatu mfululizo, nikitoka kwenye jua la mwaloni na kuingia ghafla kwenye nyumba yenye giza, nikiwa na hofu, na kila nikivuta bangi. Bangi nikaiacha. Nakusihi nawe uiache, hata kama unaona inakutuliza, kwa sababu kwa wengi ndiyo inayoamsha mambo upya.

Kuhusu hospitali, nenda kwanza kitengo cha macho. Pete kwenye taa zinaweza kutokana na mtoto wa jicho au presha ya macho. Mimweko mipya yenye kitu kama pazia linaloshuka inahitaji kuonwa siku hiyohiyo, maana huenda retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inabanduka. Kipandauso na kifafa navyo huchezea macho. Hayo yakishaondolewa, omba kuonana na daktari wa afya ya akili. Kwa hapa mkoani, ulizia hospitali ya Maweni. Mtajie dawa uliyotumia, kwa jina lake. Najua hofu ya polisi, nami nilikuwa nayo, lakini daktari anapaswa kutunza siri yako, na ukificha atatibu ugonjwa mwingine. Mwambie unashuku HPPD. Ndivyo lilivyofupishwa jina la Kiingereza la ugonjwa huu wa macho kuendelea kuona yasiyokuwepo baada ya dawa hizi kuisha mwilini (Hallucinogen Persisting Perception Disorder), ambao madaktari wa akili wa Marekani waliuweka kwenye mwongozo wao mwaka 1987. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayouonyesha; hutambuliwa kwa maelezo yako.

Kabla ya hapo mganga mmoja alinitapisha siku mbili ili sumu itoke. Niliishiwa nguvu, mikia ikazidi. LSD ilishatoka mwilini zamani! Kilichobaki ni ubongo unaopokea picha kwa namna iliyobadilika, na hilo halitapikiki.

Dawa iliyothibitishwa haijapatikana. Wapo waliosaidiwa na lamotrijini, dawa ya kifafa, wapo waliosaidiwa na klonazepamu, dawa ya kutuliza, ila hiyo ya pili huzoesha mwili, kwa hiyo usiinunue dukani kwa kuelekezwa na rafiki. Risperidoni, dawa ya magonjwa ya akili, imewazidishia hali baadhi ya watu. Ukipewa na hali ikawa mbaya, rudi kwa daktari haraka umweleze, usikatishe mwenyewe.

Kazini nimebadilisha mambo madogo. Nakaa nimeipa taa mgongo, nimevaa kofia ya ukingo. Mbalamwezi inapositisha uvuvi, nalala usiku, sichukui kibarua kingine. Bodaboda usiku siendeshi kabisa. Nyumbani naacha taa ndogo ikiwaka sebuleni ili macho yasikutane na giza la ghafla. Tena nimeacha kujipima. Zamani kila asubuhi nilipunga mkono mbele ya uso kuona kama mkia upo, na kadiri nilivyoutafuta ndivyo ulivyokuwa mrefu.

Mama nilimwambia tukiwa tunaanua dagaa. Nilisema, "Mama, macho yangu yanabakiza picha. Nilitumia kitu kibaya Dar, nimeacha, naenda hospitali." Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza ni saa ngapi huwa mbaya zaidi. Sasa ndiye anayewasha ile taa ya sebuleni kabla sijarudi.