Wikiendi ya Sauti za Busara Unguja: jipange hivi

Tamasha hili la muziki hufanyika Februari, mwezi wa joto kali, ndani ya Ngome Kongwe, Mji Mkongwe. Chumba kitafute miezi miwili kabla. Wiki yenyewe ikifika, vya bei nafuu vimekwisha. Boti ya kasi kutoka Dar huchukua saa mbili hivi. Ijumaa panda ya asubuhi, maana ya jioni ikichelewa unakosa bendi za mwanzo. Mtanzania usisahau kitambulisho: boti wanakidai, na tiketi ya mwenyeji ni rahisi kuliko ya mgeni.

Kula Forodhani, mbele ya ngome, kabla giza halijaingia. Baadaye foleni ya urojo haisogei.

Ndani, usisimame mbele ya spika. Besi itameza sauti ya mwimbaji na masikio yatavuma hadi Jumatatu. Simama karibu na meza ya fundi mitambo, kwa sababu sauti anaipanga kwa anavyoisikia pale alipo. Vizibo vya masikio viwe mfukoni.

Ikipigwa taarabu, uwe na noti ndogondogo za kumtunza mwimbaji. Nenda ukicheza taratibu, mpe mkononi, ondoka. Kuganda pale na simu ni ushamba.