Kujiandaa na mtihani wa CSET wa Sayansi ya Jamii, California

Mwalimu mwenzangu, kabla hujalipa ada ya CSET, mtihani wa California wa kupima umahiri wa mwalimu katika somo lake, hakikisha kwanza kama mtihani wenyewe unauhitaji. Tangu 2021, sheria ya California inakuruhusu kuthibitisha umahiri wa somo kwa kozi ulizosoma chuo kikuu, kwa mtihani, au kwa kuchanganya vyote viwili. Aliyesomea nje ya Marekani apeleke transkripti yake (orodha rasmi ya kozi na alama za chuo) kwa wakala wa tathmini anayetambuliwa na Tume ya Uthibitishaji wa Walimu, inayotoa leseni za ualimu California. Majibu yakitoka, yapeleke kwenye chuo kinachokuandaa kwa ualimu, wakuonyeshe palipopungua.

Ikibainika kuwa lazima ufanye mtihani, fungua akaunti kwenye tovuti ya CSET na ujisajili. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, herufi kwa herufi. Walimu wengi wa kwetu wana majina matatu kwenye pasipoti na mawili kwenye leseni ya udereva. Amua mapema utakwenda na kipi.

Sehemu ni tatu: historia na jiografia ya dunia, historia na jiografia ya Marekani, kisha uraia, uchumi na historia ya California. Kila moja inahitaji alama 220, na unaweza kuzifanya siku tofauti. Nakushauri uzitenganishe. Kusoma Mesopotamia na mfumuko wa bei wiki moja ni kujichosha bure.

Anza na sehemu ya tatu, maana ndiyo ambayo shule zetu hazikutugusia kabisa. Shika mfuatano wake: misheni ya kwanza ya Wahispania San Diego mwaka 1769, kugunduliwa kwa dhahabu Coloma Januari 1848, mkataba wa Guadalupe Hidalgo uliomaliza vita vya Marekani na Meksiko siku chache baadaye, na California kuwa jimbo Septemba 1850. Usikariri tarehe tupu. Jiulize dhahabu ile iliwafanya nini wenyeji wa asili, na kwa nini chuki dhidi ya wafanyakazi Wachina ilifika hadi sheria ya 1882 ya kuwazuia kuingia nchini. Kwenye uraia, elewa mageuzi ya California ya 1911 yaliyowapa wapiga kura uwezo wa kupendekeza sheria, kuifuta kwa kura, na kumwondoa kiongozi kabla ya muda wake.

Pakua orodha rasmi ya mada pamoja na maswali ya mfano, ni bure. Mbali na maswali ya kuchagua, yapo ya kujieleza kwa maandishi. Hayo yafanyie mazoezi kwa kujipimia muda, ukichapa kwenye kompyuta: dai moja, ushahidi mahususi, sababu na matokeo. Majibu yasiyo sahihi hayapunguzi alama, kwa hiyo usiache swali wazi.

Ukifaulu, hifadhi ripoti ya alama. Chuo chako kitaihitaji kitakapokupendekeza kwa Tume upewe leseni ya ualimu, pamoja na alama zako za vidole.